Bata wa rangi ya chungwa na mbao za kelele: mashabiki wa vituko katika Uingereza ya baada ya vita

Kila zinapozunguka mtandaoni picha za zamani za soka la Uingereza, mabishano huwa yaleyale. Mmoja anasema Waingereza wa enzi hizo walikuwa watu wa kofia na tai, wanasimama uwanjani kimya kisha wanarudi nyumbani. Mwingine anaona picha ya wanaume wenye majoho na vilemba wakiwa na bata hai aliyepakwa rangi ya chungwa, anaapa kwamba imetengenezwa na kompyuta. Wa tatu anaamini ni shamrashamra za ushindi: wamemshinda Hitler, kwa nini wasicheze ngoma? Wote watatu wamekosea, na anayestahili kusahihishwa kwanza ni huyu wa tatu, kwa sababu asiyejua hali ya Uingereza baada ya vita hawezi kuelewa yule bata alikuwa anafanya nini uwanjani.

Tuweke maana sawa kabla ya kuendelea. "Baada ya vita" hapa ni kuanzia 1945 hadi katikati ya miaka ya 1950. "Shabiki wa vituko" ni yule asiyeridhika kushangilia tu: anavaa vazi lisilo la kawaida, anakuja na mnyama au chombo cha kelele, anazunguka uwanja kabla ya mechi na kuwafanya watu elfu kadhaa wasiojuana wacheke kwa pamoja. Hakulipwa na klabu, na hakuwa mchezaji wala msanii wa kuajiriwa. Na "mgawo" ni ule utaratibu wa serikali wa kupanga kila mtu apate kiasi gani cha chakula, nguo au makaa, hata kama fedha ya kununulia zaidi anayo mfukoni.

Nchi iliyoshinda ikabaki na kuponi

Vita vya Ulaya vilikwisha Mei 1945, lakini mgawo ukaendelea, na kwa baadhi ya vitu ukawa mkali kuliko wakati wa mabomu. Mkate haukuwahi kuwekewa mgawo vita vikiendelea. Uliwekewa Julai 1946, amani ikiwa tayari imefika, ukaondolewa Julai 1948. Nguo zilinunuliwa kwa kuponi hadi Machi 1949. Peremende za watoto zilibanwa hadi Februari 1953. Nyama ndiyo iliyofunga orodha, Julai 1954, miaka tisa baada ya ushindi. Wasomaji wa Kongwa, Nachingwea na Urambo wana ushahidi wa dhiki hiyo kwenye ardhi yao wenyewe: ule Mpango wa Karanga ulioanza Tanganyika mwaka 1947 na kuachwa 1951 ulibuniwa kwa sababu Uingereza ilikuwa imepungukiwa mafuta ya kupikia.

Kisha ukaja msimu wa baridi wa 1947. Tangu mwishoni mwa Januari hadi katikati ya Machi theluji ilifunga reli na barabara, makaa hayakufika kwenye vituo vya umeme, nyumba zikakatiwa umeme kwa saa kadhaa kila siku na viwanda vikasimama. Serikali ikapiga marufuku michezo ya katikati ya wiki ili wafanyakazi wasitoroke kazini. Mechi nyingi ziliahirishwa hata ligi ikamalizika Juni 14, na Liverpool wakatwaa ubingwa wakati wa kiangazi. Makazi nayo yalikuwa haba. Serikali ilijenga zaidi ya nyumba 150,000 za kuunganisha vipande vilivyotoka kiwandani, na bado familia nyingi ziliishi zimebanana kwa wakwe.

Soka lenyewe lilikuwa limejeruhiwa. Ligi ilisimamishwa Septemba 1939 baada ya mechi chache tu na haikurudi kikamilifu hadi Agosti 31, 1946. Old Trafford ulipigwa mabomu Machi 1941, na Manchester United wakawa wapangaji katika uwanja wa Manchester City hadi 1949. Pale St Andrew's, Birmingham, jukwaa kuu liliungua mwaka 1942 si kwa bomu: mzimamoto alitaka kupooza moto wa kuotea kwa ndoo aliyodhani ni ya maji, kumbe ilikuwa na petroli.

Sasa linganisha dhiki hiyo na idadi hii. Msimu wa 1948/49 klabu 88 za ligi ya England na Wales zilipokea mahudhurio zaidi ya milioni 41. Wakazi wote wa nchi hizo mbili walikuwa karibu milioni 44. Rekodi hiyo ya msimu mmoja haijavunjwa hadi leo. Watu walikuwa na mishahara lakini madukani hakukuwa na cha kununua. Televisheni ilikuwa kwenye nyumba chache mno. Na wafanyakazi wengi walitoka kazini Jumamosi adhuhuri, mechi ikaanza saa tisa alasiri. Kiingilio kilikuwa shilingi moja na peni chache. Mchezaji naye hakuwa tajiri wa kuogopwa: mwaka 1947 mshahara wa juu kabisa ulioruhusiwa ulikuwa pauni 12 kwa wiki, na wengi walipanda basi moja na mashabiki wao kwenda uwanjani.

Saa mbili za kusubiri

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa sababu tumezoea viwanja vya viti. Uwanja wa wakati ule ulikuwa hasa ngazi za kusimamia, za zege au za udongo na majivu ya makaa yaliyoshindiliwa, zenye vyuma vya kuegemea hapa na pale. Mtu hakukata tiketi yenye namba ya kiti. Alipanga foleni, akatoa sarafu kwenye geti la kuzunguka, akaingia. Aliyetaka kuona vizuri aliwahi, na kuwahi maana yake ni kusimama saa moja na nusu au mbili kwenye baridi, bila paa, bila skrini, bila pa kwenda. Watoto walipitishwa juu ya vichwa vya watu hadi mbele ili waone.

Muda huo mtupu ndio uliokuwa jukwaa la shabiki wa vituko. Mbele yake ana watu 30,000 wasio na cha kutazama, na kati yao na uwanja kuna ukuta mfupi tu unaofika kiunoni. Nyavu za chuma zilikuwa bado miaka ishirini na ushee mbele. Mtu mwenye kofia ya ajabu akiruka ukuta na kuanza kuzunguka njia ya pembeni, askari anamtazama, anaona hana madhara, anamwacha. Bendi ya tarumbeta ikiwepo, anaiongoza kwa fimbo. Akifika upande wa pili ameshapigiwa kelele na pande zote nne za uwanja, nazo zimeanza kushindana kupiga kelele zaidi. Atakayeelewa haraka ni aliyewahi kuwahi mechi ya watani wa jadi kwa Mkapa saa sita mchana: wale waliojipaka rangi mwili mzima ndio wanaoligeuza jua kali kuwa sherehe, saa nyingi kabla ya mchezaji yeyote kuonekana.

Mbao ya kelele inavyofanya kazi

Chombo kikuu cha kelele kilikuwa cha mbao, na ni vizuri kukijua kwa vipande vyake, maana historia yake imepotoshwa sana. Kuna mpini wa mviringo. Juu ya mpini limekazwa gurudumu dogo lenye meno. Kuzunguka gurudumu hilo kuna fremu ya mbao ngumu iliyo huru kuzunguka mpini, na ndani ya fremu umebanwa upande mmoja ulimi wa ubao mwembamba. Ncha yake ya pili inalala juu ya meno. Ukizungusha mkono, fremu inazunguka, kila jino linauinua ulimi na kuuachia ghafla, ulimi unapiga jino linalofuata. Gurudumu lenye meno kumi likizungushwa mara tatu kwa sekunde linatoa vipigo thelathini kwa sekunde. Watu mia tano wakizizungusha kwa pamoja, mchezaji hamsikii kocha wake.

Vinavyoharibika vinajulikana. Ulimi ukiwa mnene hauinuki na mkono unachoka; ukiwa mwembamba mno unapasuka kabla ya mapumziko. Mvua ikilowesha mbao, fremu inavimba na kung'ang'ania mpini. Na kizungushio chenyewe ni kifundo cha mkono, si bega, mkono ukiwa juu ya kichwa. Anayezungusha kwa bega kwenye umati uliobanana atampasua jirani paji la uso. Mashabiki walizipaka mbao hizo rangi mbili za klabu, na wengine wakaandika juu yake tarehe za fainali.

Uongo unaozunguka ni kwamba zote zilitoka jeshini. Chombo hiki ni cha zamani. Polisi wa London walikitumia kuita msaada hadi walipopewa filimbi miaka ya 1880, watoto wa mashambani walikitumia kufukuza ndege, na kwenye soka kilikuwepo hata kabla ya 1939. Kilichofanywa na vita ni kukipa maana mpya na kukiongeza idadi. Kufikia Septemba 1938 serikali ilikuwa imegawa barakoa za gesi zipatazo milioni 38, na walinzi wa mitaa wakapewa mbao za kelele kwa amri moja: ukiisikia, gesi ya sumu imedondoshwa, vaa barakoa; kengele ya mkononi ikilia, hatari imepita. Kwa hiyo wakati wa vita haikuruhusiwa kuizungusha ovyo. Gesi haikudondoshwa kamwe, na mbao hizo zikakaa kabatini miaka sita zikisubiri kifo ambacho hakikuja. Vita vilipokwisha, watu walizichukua, wakazipaka rangi ya timu na kwenda nazo uwanjani. Katika habari hii yote, hilo ndilo tendo linalonigusa kuliko mengine: sauti ambayo mama alifundishwa akiisikia amkimbilie mtoto wake, sasa mtoto huyohuyo anaizungusha kwa sababu timu yake imepata kona.

Blackpool na bata wake

Kundi lililojulikana kuliko yote ni Atomic Boys wa Blackpool, lililoongozwa na Syd Bevers. Jina lilitokana na wakati wake: mabomu ya Hiroshima na Nagasaki yalikuwa yametoka kudondoshwa, na "atomiki" lilikuwa kwenye kila gazeti kama neno la nguvu mpya. Leo jina hilo linachoma, na ni haki lichome.

Blackpool ni mji wa ufukweni, kaskazini-magharibi mwa England, uliojengwa kwa fedha za wafanyakazi wa viwanda vya pamba vya Lancashire waliokuja likizo. Umaarufu wake mkubwa ni taa za mapambo kandokando ya bahari kila vuli. Taa hizo zilizimwa 1939 na hazikuwashwa tena hadi 1949. Miaka kumi mji wa taa ulikaa gizani. Timu nayo ilianza kuvaa jezi za rangi ya chungwa miaka ya 1920, rangi isiyofanana na moshi, zege wala makoti ya kijivu yaliyojaa nchi nzima. Mashabiki walipoamua kuivaa rangi hiyo kutoka kofia hadi viatu, waliirudishia Blackpool mwanga wakati serikali ilikuwa bado inabania makaa.

Mavazi yao yalikuwa majoho na vilemba, mithili ya masultani wa kwenye michezo ya kuigiza, na mji wenye majumba mengi ya maonyesho haukukosa mifano. Msomaji wa pwani yetu ataona mara moja kwamba ni Mashariki ya kubuniwa na watu wa dola iliyokuwa bado inatawala sehemu kubwa ya dunia. Ni kweli, na hakuna sababu ya kulifunika. Na bado swali la vitendo linabaki: walivipata wapi vitambaa, ilhali nguo ni kuponi? Kwa jumla, watu wa miaka hiyo walitumia mabaki: vitambaa vyeusi vya kufunika madirisha wakati wa mashambulizi, mapazia, mablanketi, na hariri ya miamvuli ya ndege iliyouzwa na jeshi. Skafu ilifumwa nyumbani kwa sufu iliyofumuliwa kutoka sweta kuukuu. Maua ya utepe ya kubandika kifuani mengi yalikuwa ya karatasi laini ya rangi, na mvua ikinyesha rangi ilichuruzika hadi kwenye shati. Jezi za timu za kuuzia watu wazima hazikuwepo. Biashara hiyo ilikuja baadaye.

Bata alikuwa bata kweli. Alipakwa rangi ya chungwa, akapelekwa na kundi hadi katikati ya uwanja kabla ya mechi. Manyoya ya bata yana mafuta yanayokataa maji, kwa hiyo rangi ya maji haishiki vizuri na haidumu. Ni kazi ya kurudiwarudiwa. Kumpaka mnyama rangi leo kungeshtakiwa, na sawa kabisa. Lakini tazama tarehe. Mwanzoni mwa 1951 mgawo wa nyama ulishuka hadi thamani ya peni nane kwa mtu kwa wiki, kiwango cha chini kuliko wakati wowote wa vita. Mwezi Aprili mwaka huohuo Blackpool walikuwa Wembley kwenye fainali ya Kombe la FA. Katika nchi iliyohesabu kila kipande cha nyama, kulikuwa na mji ulioamua kwamba bata wake ni wa kupendeza macho na si wa kuingia chunguni.

Walikwenda fainali tatu kwa miaka sita. Mwaka 1948 walifungwa na Manchester United 4-2. Mwaka 1951 walifungwa na Newcastle 2-0. Mei 2, 1953 walikuwa nyuma 3-1 dhidi ya Bolton, zikiwa zimebaki kama dakika ishirini, wakashinda 4-3. Stan Mortensen alifunga matatu, Bill Perry akamalizia dakika za mwisho, na Stanley Matthews, winga mwenye miaka 38 aliyenunuliwa kutoka Stoke kwa pauni 11,500, hatimaye akapata medali yake. Kundi lililobeba furaha hiyo lilikuwa limekwishazoea kurudi na majoho yake mara mbili kwenye treni ya walioshindwa. Huu ndio ushahidi mkubwa dhidi ya hoja ya "shamrashamra za ushindi": vituko vilianza wakati hakuna kombe, vikaendelea waliposhindwa.

Iliinuaje roho za watu?

Miaka sita ya vita watu walikusanywa kwa amri: foleni, mahandaki, jeshi, zamu za kiwanda. Uwanja ulikuwa mkusanyiko wa hiari, na shabiki wa vituko aliufanya uwe na uso. Jumatatu kiwandani, hata asiyeiona mechi aliweza kuulizia bata. Wanaume waliorudi kutoka vitani na mambo wasiyoweza kuyasema walipata mahali pa kupiga kelele bila kuulizwa kwa nini. Mji mdogo ulisafiri kwa treni maalumu hadi London ukiwa na rangi yake, na London ikaujua kwa jina.

Nyuma ya vituko kulikuwa na kazi isiyopigwa picha. Vyama vya mashabiki, vilivyokuwa na shirikisho la taifa tangu 1927 chini ya kauli ya kusaidia na si kukwamisha, vilichangisha fedha kwa dansi na bahati nasibu, vikajenga mapaa na kumwaga zege kwenye ngazi. Kisha wakurugenzi walipokea fedha na mara nyingi hawakutoa hata kiti kimoja cha bodi. Hilo lilikuwa dhuluma, na wengi waliivumilia kwa mapenzi ya timu.

Wala tusipake sukari. Machi 9, 1946, pale Burnden Park, Bolton, watu 33 walikufa kwa kubanwa kwenye mechi dhidi ya Stoke, na mchezo ukaendelea hadi mwisho. Umati mkubwa na mageti mabovu viliua wakati huohuo ambao tunausifu kwa bashasha. Vurugu nazo zilikuwepo. Millwall walifungiwa uwanja zaidi ya mara moja kabla na baada ya vita.

Kilichoviondoa vituko

Watu wengi hujibu: wahuni. Hesabu inakataa. Mahudhurio yalianza kushuka mara tu baada ya 1949, na kufikia msimu wa 1960/61 yalikuwa kama milioni 28.6, kabla uhuni haujawa habari ya kila wiki. Televisheni iliingia sebuleni, hasa baada ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth Juni 1953. Gari na bustani vikapata Jumamosi yao. Miaka ya 1960 kuimba kwa umati kulichukua nafasi ya mbao za kelele, na askari wakaanza kuziona kama rungu, wakazizuia getini. Miaka ya 1970 nyavu za chuma zikapanda juu ya ule ukuta wa kiunoni, na njia ya pembeni ikafungwa kwa mtu wa kawaida. Baada ya watu 97 kupoteza maisha kutokana na msongamano katika uwanja wa Hillsborough mwaka 1989 nyavu zilibomolewa, viti vikawekwa katika madaraja mawili ya juu, na anayezunguka uwanja kabla ya mechi leo ni mwakilishi wa klabu ndani ya vazi la manyoya lililonunuliwa na klabu, kwa ratiba iliyopangwa na klabu.